Suruali Ilimkaa Vilevile

“Mizani hii nimeifunga! Hakuna kupima hata punje kuanzia sasa hivi!”

“Umeifunga kwa kosa gani, Bwana Mizani?”

“Kosa la uongo, mama. Nimepanda mwenyewe, imesema kilo hamsini na moja.”

“Na wewe ulitaka iseme ngapi?”

“Sabini na tatu. Mimi ni mtu wa sabini na tatu, soko zima linajua.”

Mama Nafaka akashuka kutoka juu ya magunia yake, mikono kiunoni. Mama huyu alikuwa na sauti ambayo akikohoa dukani, watu wa mtaa wa pili huitika “bee”. Akamtazama mkaguzi kuanzia kofia mpaka viatu, kisha akarudi juu polepole kama anayesoma barua ya msiba.

“Mwanangu, hiyo sabini na tatu umeiacha wapi?”

Wateja wakaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka. Ile ilikuwa mizani ya tatu kuifunga asubuhi ile. Alianza na ya bucha, akaja ya vitunguu, na sasa hii. Zote zilikuwa zimekula njama kumwambia jambo moja.

Huyu bwana kazi yake ilikuwa kukagua mizani za wafanyabiashara, na alikuwa na mtindo wake ambao haukuandikwa kwenye kitabu chochote cha serikali. Kabla ya kushusha yale mawe ya chuma ya kupimia, alipanda yeye kwanza. Miaka kumi na miwili, jua na mvua, alikuwa kilo sabini na tatu, haongezeki wala hapungui. Alikuwa akijisifu, “Mimi ni jiwe la serikali lenye miguu.” Ikawa mizani ikisoma sabini na tatu, anagonga muhuri na kuaga. Ila miezi minane hii alikuwa amekaa ofisini, akijaza leseni, kwa sababu vumbi la sokoni lilikuwa linamkohoza. Leo ndiyo siku ya kwanza kurudi.

“Muhuri huu wamegonga wenzako juzi Jumatatu,” Mama Nafaka akasema, akionyesha kwa kidole. “Hata wino haujakauka vizuri.”

“Basi wenzangu nao waongo.”

“Soko zima waongo, wewe peke yako mkweli?”

“Mama, tazama suruali yangu. Ni ile ile ya mwaka jana. Mkanda uko tundu lile lile. Mtu akikonda, suruali si ingeanguka?”

“Mimi habari za suruali sizijui, najua habari za magunia. Gunia likipungua, hata ulishone mdomo kwa ustadi gani, mabegani litakuumbua. Shusha mawe yako. Tuone nani kapungua.”

Akaenda garini kushusha jiwe la kilo ishirini. Zamani alilibeba kwa mkono mmoja huku akila karanga kwa mkono wa pili. Leo alilikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Akaliweka juu ya mizani. Ishirini. Akaleta la pili, akihema kama aliyekimbizwa na ng'ombe. Arobaini kamili, mshale umetulia tuli.

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyetaka kumtazama usoni. Bwana Mizani akabandua ile karatasi nyekundu ya kufungia, akaikunja, akaitia mfukoni.

“Nisamehe, mama.”

“Mimi nimeshakusamehe. Nenda hospitali, mwanangu. Leo.”

Akazunguka nyuma ya ghala, mahali pasipo na mtu. Akafungua mkanda, akaupindua upande wa ndani. Karibu na bizimu, kile chuma cha kufungia, ngozi ilikuwa imekatwa kwa kisu kikali, bizimu likarudishiwa kwa uzi uleule, rangi ileile. Akapindua na kiuno cha suruali. Kando ya mshono wa sasa kulikuwa na mistari ya vitundu vidogo vya sindano, sambamba, kama njia za siafu. Akaihesabu kwa ukucha. Minne.

Akatoa simu, akatafuta jina la mchumba wake. Akaandika ujumbe.

“Upo dukani?”

Jibu likaja upesi, “Nipo mpenzi wangu. Njoo, koti la harusi limebaki mikono tu.”

*

Mwanamke huyo watu wote walimwita Fundi. Chumba chake kilikuwa na cherehani mbili, pasi, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na vipande vya vitambaa vimetapakaa sakafuni hata paka akipita hutoka na rangi nyingine. Kila Jumapili alichukua nguo za mchumba wake kuzipiga pasi, na kila Jumatatu zilirudi zimenyooka kama mstari wa rula. Harusi ilikuwa imebaki wiki tano.

“Umepunguza suruali zangu?”

Mguu wa Fundi ukasimama kwenye pedali.

“Ipi?”

“Zote.”

“Karibu ukae kwanza. Umetoka juani.”

“Fundi! Mara ngapi?”

Akaitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kitambaa. “Mara nne.”

“Na mkanda?”

“Mkanda mara mbili.”

“Mashati?”

“Mashati nilibana ubavuni tu. Kola nikahamisha vifungo.”

“Ndiyo maana kwenye koti ukakataa kunipima kwa futi! Ukaniambia macho yako yanatosha!”

“Sikutaka uone namba.”

Bwana Mizani akacheka kicheko kikavu. “Mimi leo nimefunga mizani tatu za watu. Tatu! Nimewaita wezi watu wazima mbele ya wateja wao, kwa sababu ya suruali. Kwa nini ulinifanyia hivi?”

“Ungevaa nguo za kuning'inia, watu wangekucheka. Mchumba wa fundi atembee kama shati lililotundikwa kwenye msumari?”

“Kwa hiyo uliniona ninakwisha, ukachukua uzi?”

Alitaka kuongeza neno, kikohozi kikamkata. Kilikuwa kirefu, mtu angeweza kupinda shuka zima kabla hakijaisha. Fundi akamletea maji.

“Nenda ukapime damu,” akasema, sauti imeshuka.

“Malaria?”

“Yote. Pima na VVU.”

“Umesemaje?”

“Umesikia.”

“Mimi nakohoa vumbi la magunia, wewe unanitajia hilo. Kwa nini hilo?”

“Una utando mweupe mdomoni. Jasho la usiku unakamua shuka. Kikohozi kina miezi minane.”

“Na nani amekwambia hizo ni dalili za hilo?”

Fundi akainama kuokota mkasi ambao haukuwa umeanguka.

“Nilisikia redioni.”

Chumba kile hakikuwa na redio.

*

Kesho yake akaenda kituo cha afya, kofia imefunika nyusi. Nesi alikuwa mama mtu mzima, miwani inaning'inia shingoni, sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto wa jirani. Akachoma kidole, wakasubiri. Akarudia kipimo cha aina nyingine, wakasubiri tena. Bwana Mizani alihesabu vigae vya ukutani. Alifika mia moja na kumi na nane.

“Kaka, damu yako ina virusi vya UKIMWI.”

Vigae vikampotea hesabu.

“Unanisikia?”

“Nakusikia.”

“Si hukumu ya kifo. Dawa zipo, hazina malipo, watu wanaishi nazo mpaka wanakuwa babu. Ila wewe umechelewa, sitakuficha. Mwili umeshuka sana, na hicho kikohozi nina wasiwasi nacho. Hiki hapa kikopo, unitolee makohozi. Tutachukua damu tuone kinga zako. Leo hii hii nakufungulia faili.”

“Nitarudi Jumatatu.”

“Jumatatu ya nini? Umeshafika.”

“Nina kazi, dada. Jumatatu.”

“Kaka, wengi walioniambia Jumatatu nimewaona tena wamebebwa.”

Yeye alikuwa anatazama dirishani. Kwenye benchi la nje, wa pili kutoka mlangoni, ameketi muuza vitunguu, yule yule aliyefungiwa mizani jana. Akajiona anapita mbele yake na faili mkononi, na wiki ijayo anakwenda kumkagua. Atamwambia nini?

Akatokea mlango wa nyuma, kupitia kwenye kamba za kuanikia mashuka, kikopo cha makohozi mfukoni.

Huko njiani akatuma ujumbe, “Nimepima. Damu imepungua kidogo na uchovu. Wamenipa vidonge.”

Fundi aliusoma mara tatu. Kama ungetumwa kwa mwanamke mwingine, angemshukuru Mungu na kurudi kwenye mshono. Lakini uongo ule aliujua kuanzia pindo mpaka kola, kwa sababu ndio aliomtumia dada yake mwenyewe, neno kwa neno, miaka sita iliyopita, siku alipotoka kwenye chumba cha kupimia kama kile.

Ndiyo. Miaka sita. Jioni ile alifunga mlango, akafungua kopo la vifungo lililokuwa juu ya kabati, akatoa kidonge chini ya vifungo vya makoti, akakimeza na maji. Hakuwahi kuruka hata siku moja. Mwaka wa tano sasa, kila akipimwa, virusi havionekani. Alikuwa mzima, mnene wa kutosha, mcheshi. Wateja walimsifu ngozi. Na mchumba wake hakujua kitu. Kuhusu kinga chumbani Fundi alikuwa na msemo wake, “Hata koti zuri lina bitana,” na bwana alicheka akaona mchumba wake ni mwanamke wa utani. Siku mbili tatu walipitiwa, bitana ikasahaulika, na Fundi asubuhi yake hakuweza hata kutunga uzi.

Alikuwa amepanga kumwambia. Alisema atamwambia baada ya miezi mitatu ya uchumba. Ikafika. Akasema wakishatambulishana kwa wazee. Wakatambulishana. Akasema koti likiisha. Katikati ya hiyo mipango mwanaume akaanza kukonda. Fundi akaziona dalili moja moja, akazitambua kama unavyotambua mwandiko wako mwenyewe. Angemwambia kapime, naye angeuliza, “Na wewe ulipima lini?” Akaogopa lile swali. Akachukua uzi.

Na leo aliogopa tena. Aliandika, “Najua umenidanganya, nenda uanze dawa.” Akafuta. Akaandika, “Mpenzi hivyo vidonge vina rangi gani?” Akafuta. Akatuma, “Pole baba. Ule vizuri, upumzike.”

Siku ya kwanza ikapita, ya tatu ikapita. Jumatatu ikaja na kuondoka, Bwana Mizani hakwenda. Simu ya nesi iliita mara mbili kwa siku, naye akaibandika jina “Bima” ili asishawishike kupokea. Ikaja Jumatatu ya pili. Fundi alikuwa anapiga asubuhi na jioni.

“Umeamkaje?”

“Salama.”

“Mbona unahema?”

“Nimepanda ngazi.”

Nyumba yake haikuwa na ngazi.

“Nije nikuone?”

“Usije. Nina mafua, nitakuambukiza.”

Hilo neno la mwisho likabaki kati yao kwenye simu, hakuna aliyeligusa. Kila mmoja alikata akidhani amemficha mwenzake.

Siku ya kumi na sita, saa nne asubuhi, ukaingia ujumbe huu.

“Fundi, harusi haipo tena. Usiniulize sababu. Hujanikosea. Tafuta mtu mwenye maisha mbele yake.”

Alipiga. Haikupokelewa. Alipiga mara kumi na nne, vitambaa vya wateja vimeanguka miguuni kwake, chuma cha pasi kinanukia kuungua. Mara ya kumi na tano simu ikapokelewa, na sauti iliyotoka ilimfanya aiweke mbali na sikio.

“Wewe ndiye Fundi?”

“Ndiye mimi. Nani mwenzangu?”

“Mimi Mama Nafaka wa ghalani. Simu ya mtu wako ninayo mimi, maana mwenyewe haiwezi. Alikuja kukagua, kaketi juu ya magunia yangu tangu saa tatu, kuinuka hawezi, midomo imekuwa ya bluu. Namwambia hospitali, ananiambia Jumatatu. Leo Jumamosi! Na Jumatatu zenyewe mimi namwona zinampita mbili! Njoo umchukue mtu wako, mwanangu, kabla sijamchukua mimi kwa toroli.”

Fundi akasimama katikati ya chumba. Sasa hakukuwa na baada ya koti wala baada ya nini. Akavuta kiti, akapanda, akachukua lile kopo la vifungo lote kama lilivyo, akatia na kadi yake ya kliniki, akatoka bila kufunga mlango.

*

Ghalani Mama Nafaka alikuwa ameshafukuza wateja na kushusha nusu ya mlango.

“Huyo hapo. Nimempa maji, kanywa kijiko. Haya, zungumzeni. Mimi nakwenda nje kuhesabu magunia. Masikio yangu makubwa lakini nitayashikilia.”

Bwana Mizani alikuwa ameegemea gunia, kofia imeanguka. Suruali yake, ambayo haikupelekwa kupigwa pasi Jumapili mbili, ilikuwa imeanza kumlegea.

“Nilikwambia tusionane.”

“Nimesoma.”

“Basi nenda.”

“Una virusi. Umepima siku ile ile, wakakwambia uanze dawa, ukakimbia. Sema sio.”

Akafumba macho. “Nani kakwambia? Yule nesi?”

“Hakuna aliyeniambia.”

“Basi umejua. Na wewe nenda upime. Nenda leo. Kama nimekuua, Fundi... kama nimekuua mimi...”

“Hujaniua.”

“Huwezi kujua! Zile siku tulizopitiwa...”

“Tazama hapa.”

Akafungua kopo. Vifungo vikamwagika juu ya saruji, vyekundu, vyeupe, vya dhahabu, vikaviringika mpaka mvunguni mwa mizani. Chini kabisa ikatoka chupa nyeupe ya plastiki. Akaiweka kwenye kiganja cha mchumba wake, na kadi juu yake.

Bwana Mizani akasoma jina. Akasoma tarehe ya kwanza. Akaisoma tena.

“Miaka sita.”

“Miaka sita na miezi miwili.”

“Unameza.”

“Kila siku.”

Nje Mama Nafaka alisikika akihesabu kwa nguvu, “Kumi na saba! Kumi na nane!” kama mtu anayejizuia asisikilize.

“Kwa hiyo ni wewe,” Bwana Mizani akasema kwa sauti isiyokuwa yake. “Wewe ndiye uliyeniua.”

“Dawa zangu...”

“Wewe ndiye!”

“Sawa. Mimi ndiye. Lakini inuka.”

“Ulizijua dalili. Redio gani! Ulizijua zote.”

“Nilizijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu nilipopunguza mara ya pili.”

“Na ukashona.”

“Nikashona. Mara ya tatu nikashona, na ya nne nikashona, na kila mara nilikuwa nalia juu ya cherehani na nikimaliza nakuletea nguo nikicheka. Niliogopa ukipima utaniuliza mimi nilipima lini. Niliogopa utaniacha. Sasa umeniacha tayari, sina cha kuogopa. Inuka twende.”

“Siendi popote na wewe.”

“Nenda na huyo mama. Nenda na muuza vitunguu. Nenda na shetani kama ana gari!” Akapiga magoti kwenye saruji, juu ya vifungo. “Unichukie, una haki. Unitangaze soko zima, una haki. Lakini unichukie ukiwa umemeza dawa. Ukifa utanichukia mwaka mmoja tu, na mimi nastahili zaidi.”

Bwana Mizani alimtazama, na sijui kama alichokiona kilimpa huruma au hasira ya kutosha kusimama. Alinyoosha mkono. Si kwake. Alishika nguzo.

“Nikienda, sitaki kukuona tena.”

“Sawa.”

“Hata mlangoni usifike.”

“Sawa.”

“Mama!” akaita, sauti ikikatika. “Mama, nipeleke.”

Mama Nafaka aliingia kabla neno halijaisha. “Thelathini na mbili,” akasema. “Sikusikia chochote. Weka mkono wako hapa begani, mwanangu. Nimebeba mahindi ya kilo mia. Wewe wa hamsini utanishinda?”

*

Makohozi yalipopimwa, kifua kikuu. Kinga, thelathini na nane, wakati mtu mzima wa afya huwa na mia tano na zaidi. Walimlaza siku hiyo hiyo. Wakaanza dawa za kifua, na siku kumi baadaye wakamwongeza dawa za virusi.

Fundi alitii amri. Hakufika mlangoni. Kila jioni alipiga simu ghalani.

“Amemeza?”

“Amemeza.”

“Amekula?”

“Amekula nusu.”

Siku nyingine:

“Amemeza?”

“Amemeza, katapika. Wamempa tena.”

“Homa?”

“Homa ipo. Mwanangu, lala.”

Na siku moja:

“Amemeza?”

Sauti ya Mama Nafaka, ile ya kuamsha mitaa, ikawa ndogo kama ya mtu aliye kanisani. “Leo hanijui. Kaniita jina la marehemu mama yake.”

Fundi aliketi sakafuni mpaka kulipokucha, simu mapajani, akiogopa iite na akiogopa isiite. Ililia saa moja asubuhi.

“Homa imeshuka. Kaniambia nina kelele.”

Wiki ya nne, alipoweza kuketi kitandani na kuudhi wauguzi, Bwana Mizani alimwita nesi wa miwani.

“Dada, nataka kujua nani kaniambukiza.”

“Ukijua itakusaidia nini?”

“Nataka tu nijue wa kumchukia.”

“Huyo mchumba wako mlianza lini?”

“Mwaka jana, mwezi wa pili.”

“Na kinga zako thelathini na nane. Mara nyingi kinga hazianguki hivyo kwa mwaka mmoja, kaka. Hiyo ni kazi ya miaka saba, minane, kumi. Na nikwambie jambo lingine, si kwa ajili ya mtu fulani, nalisema kwa kila mtu. Anayemeza dawa bila kuruka, na virusi vyake havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa mapenzi. Wewe mwenyewe ukimeza vizuri utafika huko.”

Nesi akaondoka na trei yake. Bwana Mizani akageukia ukuta. Miaka minane. Alikumbuka simu moja, mchana mmoja, mwanamke aliyekuwa amependana naye kabla hajahamia mji huu. Alikuwa analia. Alimwambia, “Nenda ukapime.” Yeye alikata simu, akabadilisha laini, na tangu siku ile hakuwahi kulifikiria tena. Au alijilazimisha hivyo.

*

Tarehe ya harusi ilikuwa imepita zamani. Mwezi wa tano tangu alazwe, asubuhi ya siku ya kazi, mlango wa Fundi ukapigwa hodi.

“Karibu, nakuja...” Akainua macho. Sindano ikamtoka mkononi.

“Nimekuja kugombana,” Bwana Mizani akasema.

“Karibu ugombane.”

Akaketi kwenye kiti cha wateja. Mashavu yalikuwa yamerudi.

“Si wewe uliyeniambukiza.”

“Najua.”

“Ulijua? Siku ile ghalani ulijua?”

“Nilijua.”

“Mbona ulikubali?”

“Ningeanza kukueleza, ungefia kwenye maelezo.”

Akatikisa kichwa. “Kwa hilo sina ugomvi. Miaka minane nyuma mtu alinipigia akaniambia nikapime. Nilibadilisha laini ya simu. Kwa hiyo mimi mwenyewe ndiye wa kwanza kujificha. Lakini ile ya kushona, Fundi, ile bado ipo hapa.” Akajigusa koo. “Nikiikumbuka nasikia kama nimemeza kifungo. Nilikuwa nakuamini kuliko macho yangu. Nilikataa mizani ya serikali kwa ajili ya mikono yako.”

“Sina la kujitetea.”

“Sijakwambia ujitetee.”

“Unataka niseme nini?”

“Sema hutanificha tena. Hata kama ni baya. Hata kama nitaondoka.”

“Sitakuficha tena,” Fundi akasema. “Hata kama utaondoka. Na nianze sasa hivi. Umekuja na mfuko wa plastiki wa hospitali na nimeogopa tangu umeingia. Kuna nini?”

“Dawa za mwezi huu. Nimetoka kuzichukua. Kwenye benchi nilikaa na muuza vitunguu.”

“Ukamwambia nini?”

“Nilimwomba radhi. Akaniambia ana miaka kumi na moja kwenye lile benchi, na kwamba mimi ni mgeni nisimkalie nafasi.”

Fundi akacheka, kisha akalia, kisha hakujua anafanya lipi.

“Unameza saa ngapi?” akauliza Bwana Mizani.

“Usiku, saa tatu. Kwa nini?”

“Mimi asubuhi, saa kumi na mbili. Nimemuuliza nesi, kasema unaweza kuhamia asubuhi, haina shida, mradi akuelekeze namna ya kuhama.”

“Asubuhi sitaweza. Nitaruka. Unajua usingizi wangu, hata nyumba ikiungua mimi natoka na majivu.”

“Ndiyo maana nauliza.”

“Unauliza nini?”

“Kama unataka mtu wa kukuamsha.”

Nje mtu aligonga mlango akiulizia gauni lake. Hakujibiwa. Fundi alikuwa amekunja kitambaa cha mteja mikononi mpaka kikawa kama kamba.

“Umesema bado una kifungo kooni.”

“Bado kipo.”

“Na siku ukiamka umenikasirikia?”

“Nitakuamsha kwa hasira,” akasema. “Lakini nitakuamsha.”